ASILI NA MAANA YA NENO "LIWALI"

Neno "liwali" bado limo vinywani mwa watu wa Pwani, ijapokuwa cheo chenyewe kilikwisha kuondolewa miaka mingi iliyopita. Mzee wa Lamu au wa Malindi akisimulia habari za mji wake hachelewi kulitaja: kesi hii ilikatwa na liwali, shauri lile lilipelekwa kwa liwali, mtu fulani aliitwa barazani kwa liwali. Lakini kijana aliyezaliwa baada ya Uhuru hakumwona liwali hata mmoja, na kwa watu wengi wa Bara hata baba zao hawakumwona. Basi si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba liwali alikuwa mfalme wa Waarabu. Hivyo sivyo. Liwali hakuwa mfalme. Liwali alikuwa mtu aliyetawala mahali kwa niaba ya mfalme, na katika tofauti hiyo, ambayo yaonekana ndogo, imo habari kubwa ya mwambao wetu.

Yafaa basi tulitazame neno hili, tujue limetoka wapi, ndugu zake ni maneno gani, na wale walioitwa kwa jina hilo waliishi namna gani na mabwana zao na watu waliowatawala.

UMBO LA NENO

Asili yake ni Kiarabu. Waarabu husema "wali", ile herufi "a" ikivutwa kidogo, na maana yake ni mtu aliyewekwa na mtawala ili ashike amri katika mji au jimbo. Wanapomtaja mtu ajulikanaye huweka mbele ya neno kile kijineno chao "al", wakasema "al-wali". Waswahili waliyasikia maneno hayo mawili yakitamkwa kwa pamoja, nao wakayachukua kama neno moja. Ile "a" ya mwanzo ikaanguka. Na kwa kuwa ulimi wa Mswahili haukupenda herufi "l" na "w" zigusane mwanzoni mwa neno hili, "i" ikaingia katikati yao, likapatikana neno "liwali".

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Tusemapo "Alhamisi" au "alfajiri" tunakitamka kijineno kile kile cha Kiarabu, bila ya kufikiri kwamba ni neno mbali. Wakati wa alasiri wako watu wauitao "laasiri", na hapo tunaona "al" imegeuka kuwa "la", kama vile ilivyogeuka kuwa "li" katika liwali. Wala si Waswahili peke yao waliofanya hivyo. Wahispania, ambao nchi yao ilitawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi, humwita mkuu wa mji "alcalde", na neno hilo si jingine ila "al-kadhi" ya Waarabu.

Neno lilipokwisha kuingia katika Kiswahili likafuata sheria za Kiswahili. Mmoja ni liwali, wengi ni maliwali, kama tusemavyo waziri na mawaziri, kadhi na makadhi. Na cheo chake kikaitwa uliwali.

NDUGU ZA NENO HILI

Katika Kiarabu maneno mengi huzaliwa kwa herufi tatu za asili, kama vile matawi mengi yatokavyo katika shina moja. Herufi za shina la liwali ni wau, lamu na ye. Maana yake ya kwanza ni kuwa karibu na kitu, au kukifuata kitu bila ya nafasi katikati. Kutokana na maana hiyo ikatoka maana ya pili, yaani kukishika kitu na kukisimamia. Kwa sababu aliye karibu na jambo ndiye awezaye kulishughulikia.

Shina hili limetupa Waswahili maneno mengi kuliko mtu adhanivyo. La kwanza ni "tawala". Neno hili limetokana na "tawalla" la Kiarabu, maana yake kushika madaraka ya jambo. Nasi kutokana nalo tumepata mtawala na utawala. La pili ni "wilaya", ambayo asili yake ni nchi au mahali palipo chini ya wali. Kila mtu aliyepata kwenda kwa Mkuu wa Wilaya amelitamka shina la liwali, ajue asijue.

La tatu ni "walii", lenye "i" inayovutwa mwishoni. Huyu si mtu wa serikali. Walii ni mcha Mungu aliyekaribiana na Mola wake. Na katika ndoa ya Kiislamu walii ni yule amsimamiaye bibi arusi, ambaye mara nyingi ni baba yake. Hapa pana maana zote mbili za shina, ukaribu na usimamizi. La nne ni "Mola", na pamoja nalo "Maulana", ambayo hutoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya bwana. La tano ni "mtawalia", yaani mambo yafuatanayo moja karibu na jingine, kama siku tatu mtawalia.

Lakini msomaji asidanganywe na maneno yafananayo kwa sauti tu. Wali tuulao si ndugu wa liwali, kwani huo ni neno letu wenyewe la Kibantu. Mwali anayewekwa ndani pia si ndugu yake. Na "maulidi" hutoka katika shina jingine kabisa la Kiarabu, lenye maana ya kuzaa na kuzaliwa.

Basi tukirudi kwa liwali mwenyewe, tunaona kwamba ndani ya jina lake mna maana ya ukaribu. Mwenye enzi yuko mbali; liwali yuko karibu. Watu hawamwoni mwenye enzi, humwona liwali. Humo ndimo ilimokuwa nguvu yake, na humo pia ndimo ilimokuwa hatari yake.

LIWALI NA PEPO ZA BAHARI

Waarabu wa Oman waliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, tangu mwezi wa Machi 1696, wakaiteka mwezi wa Desemba 1698. Mtawala wao wakati huo alikuwa Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi. Imamu hakuweza kukaa Oman na Mombasa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilimpasa kuweka maliwali katika miji ya mwambao.

Na tukumbuke namna watu walivyosafiri zamani zile. Majahazi ya kutoka Arabuni yalishuka kwa kaskazi, upepo uvumao kwetu kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka, na kurudi kwa kusi, uanzao kuvuma kiasi cha mwezi wa Aprili. Liwali wa Mombasa akiwa na shauri zito, barua yake ilingoja kusi ipande Oman, na jibu lake lilingoja kaskazi ije nalo. Kwa hiyo miezi mingi ilipita kabla ya amri kufika, na vita, njaa au ugomvi wa soko havingoji upepo. Liwali alikata shauri peke yake, kisha akaarifu. Mtu azoeaye kukata mashauri peke yake, mwaka hata mwaka, huanza kusahau kwamba madaraka si yake.

Wareno walirudi Mombasa mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Baada ya hapo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, uliwali wa Mombasa ukaingia katika ukoo wa Mazrui. Huko Oman ukoo wa Yaarubi ulikuwa ukidhoofika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mtu aliyesimama mahali pao alikuwa Ahmad bin Said, wa ukoo wa Busaidi. Na huyu Ahmad bin Said alikuwa nani kabla ya kushika enzi? Alikuwa wali wa mji wa Sohar! Naye alikuwa ameteuliwa na wale wale Yaarubi.

Habari hizo zilipofika Mombasa, liwali wake Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kumtii mtawala mpya. Hoja ya Wamazrui ilikuwa nyepesi kufahamika. Waliowapa wao uliwali walikuwa Yaarubi, na Yaarubi wameondoka. Kama wali wa Sohar ameweza kujifanya mwenye enzi, kwa nini liwali wa Mombasa asiweze? Kiasi cha mwaka 1746 Ahmad bin Said alituma watu wakamwua Muhammad bin Uthman, lakini ndugu yake Ali bin Uthman aliponyoka, akairudisha Ngome mikononi mwa ukoo wake.

Tangu hapo Wamazrui wakatawala Mombasa kama wenye nchi, na hata hivyo wanahistoria wengi huendelea kuwaita maliwali. Nguvu yao haikutoka ng'ambo tena, bali ilitoka hapa hapa, katika mapatano yao na Waswahili wa Mombasa, wale wa Thelatha Taifa na wa Tisa Taifa waliokuwa na wakuu wao walioitwa matamimu, na pia na majirani zao Wamijikenda. Liwali aliyekosa mwenye enzi nyuma yake alijua kwamba hana budi kuwa na watu upande wake. Ugomvi ulipoingia baina ya koo, nguvu ya Ngome nayo ikapungua.

Mjukuu wa Ahmad bin Said, naye ni Sayyid Said bin Sultan, hakukubali jambo hilo liendelee. Wamazrui walijaribu kujikinga kwa Waingereza, na tangu mwaka 1824 mpaka 1826 bendera ya Kiingereza ikatwekwa Mombasa kwa amri ya nahodha wa manowari aliyeitwa Owen, lakini serikali yake haikukubali kuendelea na mapatano hayo. Sayyid Said alipigana na Mombasa mara kadha wa kadha, na mwaka 1837 akaipata. Wakubwa wa Wamazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Jamaa zao waliobaki wakahamia Takaungu na Gasi.

LIWALI WA UNGUJA

Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, na umbali baina ya mwenye enzi na liwali ukapungua sana. Safari ya kutoka Mombasa kwenda Unguja si safari ya kungoja msimu mzima. Tena hakumwachia liwali kila kitu. Forodha alizikodisha kwa wafanya biashara wa Kihindi, na Ngome ikawa na askari wake na mkubwa wao. Kwa hiyo fedha zilikuwa kwa mtu mmoja, bunduki kwa mwingine, na hukumu za mji kwa liwali. Ilikuwa njia ya kuzuia asitokee Mazrui mwingine.

Lakini njia hiyo nayo ilikuwa na taabu zake, maana mafahali wawili hawakai zizi moja. Mkubwa wa askari wa Ngome aliitwa akida, neno jingine la Kiarabu lenye maana ya kiongozi wa jeshi. Akida mmoja, Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, aliasi, na mwezi wa Januari 1875 manowari za Kiingereza zikaipiga Ngome kwa mizinga kumsaidia Sultani Barghash, mpaka akida akasalimu amri. Habari zake ziliandikwa na Sheikh Mbarak Ali Hinawy, ambaye mwenyewe alikuwa Liwali wa Pwani, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1950.

Upande wa kusini, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, Wajerumani waliyakuta majina haya wakayatumia kwa kazi zao. Katika miji ya mwambao waliweka maliwali, chini yao wakaweka maakida, na vijijini majumbe. Akida, ambaye zamani alikuwa mtu wa askari, akawa mtoza kodi na msimamizi wa mashamba ya pamba yaliyolimwa kwa nguvu. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, hasira ya watu iliwaangukia pia maakida hao. Mtu wa kijijini hakupata kumwona Kaizari. Aliyemwona kila siku ni yule aliyetumwa kwa jina lake.

MABWANA WAWILI

Hapa kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Kwa mapatano ya mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani, Sultani wa Unguja aliachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini kuelekea bara. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ilishika nchi iliyokuwa chini ya kampuni yake, na tarehe 14 Desemba mwaka huo ikapatana na Sultani Hamid bin Thuwaini kwamba itatawala ukanda huo kwa niaba yake, nayo itamlipa paundi 17,000 kila mwaka. Nchi ikabaki ya Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu. Ndiyo sababu, tangu mwaka 1920, nchi nzima iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Bara ilikuwa koloni, na ukanda wa Pwani ulikuwa himaya.

Tazama basi jinsi liwali alivyokuwa. Kwa asili yake alikuwa mtu wa Sultani, na Waislamu wa Pwani walimheshimu kwa ajili hiyo. Lakini aliyemchagua alikuwa Mwingereza, na mshahara wake ulitoka katika hazina ya Serikali ya Kenya. Waingereza wenyewe walitawala kwa niaba ya Sultani, na liwali akawa chini yao. Kwa hiyo alikuwa naibu wa naibu.

Kazi yake haikuwa ya mapambo tu. Alikuwa na baraza lake la kusikiliza kesi za Waislamu wenyeji, akapatanisha waliogombana, akapeleka maneno ya watu kwa Bwana D.C. na maneno ya Bwana D.C. kwa watu. Katika miji midogo kazi hiyo ilifanywa na mudiri, aliyekuwa chini ya liwali. Mambo ya ndoa, talaka na urithi yalikuwa ya kadhi. Miongoni mwa maliwali waliojulikana sana ni Salim bin Khalfan al-Busaidi na mwanawe Ali bin Salim. Baada yao alikuja Sheikh Mbarak Ali Hinawy, tuliyekwisha kumtaja.

Watu wa Pwani walikuwa na maoni mbalimbali juu yao. Wako walioona kwamba liwali ni ngao yao, maana ni mtu wa dini yao, aijuaye lugha yao na desturi zao, na mlango wake u karibu. Wako walioona kwamba amepewa kiti bila ya nguvu, kwa kuwa neno la mwisho ni la Mzungu. Na wako walioona kwamba uliwali ulikuwa cheo cha Waarabu wachache, ambacho Mswahili au Mmijikenda hakikutazamiwa kumfikia. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo. Na madaraka ya liwali wakati huo yalikuwa ya kuazima mara mbili.

MWISHO WA CHEO

Uhuru ulipokaribia, swali lililokuwa limefichwa ndani ya neno "liwali" likaja juu kwa nguvu. Ikiwa Mwingereza anatawala Pwani kwa niaba ya Sultani, naye Mwingereza anaondoka, Pwani itakuwa ya nani? Wako waliotaka Mwambao uwe na serikali yake yenyewe, na wako waliotaka uwe chini ya Sultani. Wengi wengine walisema Pwani ni sehemu ya Kenya kama sehemu nyingine zote. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza jambo hilo, naye akatoa shauri kwamba ukanda wa Pwani uunganishwe na Kenya.

Mapatano yalitiwa sahihi London tarehe 8 Oktoba 1963. Sultani aliacha haki zake zote juu ya ukanda wa Pwani tangu siku ya uhuru wa Kenya. Katika barua walizopelekeana Bwana Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Bwana Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, Serikali ya Kenya iliahidi mambo kadhaa: kwamba watu watakuwa na uhuru wa dini yao, kwamba mahakama za kadhi zitadumu kwa mambo ya Waislamu, kwamba katika sehemu zenye Waislamu wengi maofisa wa utawala watakuwa Waislamu kwa kadiri iwezekanavyo, kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kwa ajili ya dini yao kwa kadiri iwezekanavyo, na kwamba hati za milki ya ardhi zilizokuwapo zitatambuliwa.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata Uhuru. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani mwenyewe aliondolewa Unguja kwa Mapinduzi. Vyeo vya liwali na mudiri vikafutwa Kenya. Kadhi alibaki, naye yumo katika Katiba ya mwaka 2010, lakini liwali hakuwa na mahali pa kubaki. Kwani naibu hawezi kuishi bila ya yule anayemnaibia.

Huko Oman, neno lilikotoka, bado linaishi. Nchi ile imegawanywa katika wilaya, na kila wilaya ina wali wake. Uturuki vilevile mkuu wa jimbo huitwa "vali", na neno hilo ni lile lile.

MANENO MENGINE YA WATU WA NIABA

Liwali hakuwa peke yake katika lugha yetu. Yako majina mengine ya watu wafanyao kazi mahali pa wakubwa, na kila moja lina siri yake.

"Naibu" ni mtu ashikaye mahali pa mwingine, na shina lake ndilo lililotupa "kwa niaba ya". "Kaimu" maana yake asimamaye, na "makamu" ni mahali pa kusimama; maneno haya mawili ni ya shina moja, na zamani Waturuki waliyaunganisha kumwita ofisa wao "asimamaye mahali pa mwingine". Kwetu kaimu hushika kazi kwa muda tu, mpaka mwenyewe arudi au mwingine ateuliwe. "Khalifa" ni ajaye nyuma ya mwingine, yaani mrithi wa kazi yake. "Wakili" ni aliyekabidhiwa jambo. "Waziri" huelezwa na wanavyuoni wa Kiarabu kuwa ni mchukuzi wa mzigo, kwa kuwa humchukulia mtawala mizigo ya kazi. Na "mudiri" ni azungushaye mambo yaende. Shina lake ni lile la "duara", na "idara" za Serikali ni ndugu zake.

Hata "gavana", neno lililotujia kwa Kiingereza, asili yake katika Kiyunani na Kilatini ni kushika usukani wa chombo. Basi gavana ni kama nahodha. Lakini nahodha aliyepewa chombo na mwenye chombo hana ruhusa ya kukiuza.

SWALI LINALOBAKI

Katika majina hayo yote limo swali moja: kwa niaba ya nani? Wamazrui walijibu kwamba aliyewapa madaraka ameondoka, kwa hiyo ni yao. Maliwali wa zamani za Waingereza walijibu kwa kutaja jina la Sultani, na kumbe kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Akida wa Wajerumani alimjibu mtu wa kijijini kwa kiboko.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelijibu swali hilo katika kifungu chake cha kwanza kabisa, kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, nao huyatumia wenyewe au kwa njia ya wawakilishi waliowachagua. Tangu mwaka 2013 kila kaunti katika 47 ina gavana aliyechaguliwa kwa kura. Iko pia Serikali ya Taifa, yenye kamishna wake katika kaunti, ambaye hakuchaguliwa kwa kura bali ameteuliwa. Mmoja ametumwa na wapiga kura wa kaunti, mwingine ametumwa na Serikali ya Taifa. Mwananchi aliye na shauri lake hana budi kwanza kujua ni mlango upi ahusikanao nao. Zahanati ni ya kaunti, polisi ni wa Taifa. Wengi hupoteza siku, nauli na subira kwa kubisha mlango usio wake.

Lakini kwa maana ya asili, wote wawili ni maliwali. Wamewekwa karibu ili wasimamie kitu ambacho si chao. Tofauti na zamani ni kwamba mwenye enzi aliyewatuma hayuko tena Muscat, wala Unguja, wala London, na barua yake haingoji kusi wala kaskazi. Mwenye enzi huyo ni yule mama auzaye samaki Malindi, na yule mkulima wa chai Kericho, na wewe msomaji. Zamani liwali alisahau bwana wake kwa sababu bwana alikuwa mbali. Sasa bwana yu karibu mno, na akisahauliwa, yafaa ajiulize kama yeye mwenyewe hakusahau kwamba ndiye bwana.